Mkato kwenye vivumishi na vielezi vya Kiingereza: mwongozo kamili

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mkato ni mahali pa kupumua. Ushauri huo unamfaa anayesoma kwa sauti. Kwa anayeandika Kiingereza, ndio chanzo cha makosa mengi, maana kila mtu ana pumzi zake. Anayeandika barua ya kuomba kazi huku roho iko juu hupumua kila baada ya maneno matatu, na barua yake inamuumbua.

Kuna na ushauri wa pili, huu wa kwenye vitabu vya sarufi vilivyoandikwa na Waingereza na Wamarekani kwa ajili ya wenzao: geuza mpangilio wa maneno, na kama sentensi bado inasikika sawa, weka mkato. Aliyezaliwa Leeds ana sikio la kumwambia kipi kinasikika sawa. Aliyejifunzia Kiingereza darasani Morogoro au Kisii anaweza kuona yote mawili yako sawa tu, akabaki palepale. Kwa hiyo hapa tutatumia maana kwanza, sikio baadaye. Ukijua neno linaelezea nini, mahali pa mkato patajionyesha mara nyingi bila kubahatisha.

Hatua ya kwanza: jua neno linaelezea nini

Kivumishi huelezea nomino. Kielezi huelezea kitenzi, kivumishi, kielezi kingine, au sentensi nzima. Hilo tunalijua, ila Kiingereza kina mitego yake. Mwisho wa -ly hautoshi kukuambia kwamba hiki ni kielezi: "friendly", "lonely", "elderly" na "costly" ni vivumishi. "Fast", "early" na "hard" hutumika kotekote.

Ukiwa na shaka, chukua neno lenyewe uliweke peke yake mbele ya nomino. "A lonely road" ina maana. "A badly road" haina. Ndiyo sababu tunaandika:

a lonely, muddy road
a badly damaged road

Katika mfano wa kwanza, barabara haina watu na ina matope: sifa mbili, zote za barabara. Katika wa pili sifa ni moja tu, "damaged", na "badly" inatuambia imeharibika kiasi gani. Kielezi kinachoelezea kivumishi kinachokifuata hakitengwi nacho kwa mkato hata siku moja. Ndivyo ilivyo kwa "very large", "really good", "newly built" na "extremely hot". Ukirudia neno lilelile kwa kukazia, hapo mkato unaingia katikati ya marudio: "very, very hot", "a long, long journey".

Rangi nazo zina jambo hili. "A bright red khanga" ni khanga yenye wekundu mkali. "Bright" inaelezea "red". Ukiandika "a bright, red khanga" umesema khanga inang'aa, na tena ni nyekundu. Tofauti hapo ni ndogo. Pengine ni kubwa zaidi:

a pretty old house
a pretty, old house

Bila mkato, msomaji wa Kiingereza ataelewa kwanza kwamba nyumba ni ya zamani kiasi chake, kwa kuwa "pretty" mbele ya kivumishi mara nyingi ni kielezi cha kiasi. Ukiweka mkato, nyumba ni nzuri na ni ya zamani. Dalali anayetangaza nyumba kwa Kiingereza aiangalie sana sentensi hii.

Hatua ya pili: vivumishi viwili mbele ya nomino moja

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Vivumishi viwili vinaweza kuhusiana na nomino kwa namna mbili. Namna ya kwanza, vyote viwili vina hadhi sawa na kila kimoja kinaigusa nomino moja kwa moja. Hapo mkato unahitajika:

a kind, patient teacher
a cold, wet morning

Namna ya pili, kivumishi cha karibu na nomino kimeshikamana nayo hadi vimekuwa kitu kimoja, na kivumishi cha mbele kinakielezea kitu hicho kizima. Hapo mkato hauingii:

a large wooden dhow
an expensive electric kettle

Hatuzungumzii jahazi lililo kubwa na lililo "mbao". Kuna jahazi la mbao, halafu jahazi hilo la mbao ni kubwa. Vivyo hivyo kuna birika la umeme, na birika hilo ni ghali.

Vitabu hutoa majaribio mawili. Moja ni kutia "and" katikati: "a kind and patient teacher" inakubalika, "a large and wooden dhow" inachekesha. La pili ni kugeuza: "a patient, kind teacher" ni sawa, "a wooden large dhow" si sawa. Yatumie kama unaliamini sikio lako. Kama huliamini, kuna njia mbili nyingine, na ya kwanza tunayo mdomoni tayari.

Kitafsiri kivumishi kilicho karibu na nomino kwa Kiswahili cha kawaida. Kama kinatoka kwa kiunganifu cha -a, na kinataja kitu kimetengenezwa kwa nini, kimetoka wapi au ni cha kazi gani, usiweke mkato kabla yake. Jahazi la mbao. Birika la umeme. Kahawa ya Tanzania. Mfuko wa kulalia. Kwa hiyo: "strong Tanzanian coffee", "a warm sleeping bag", "a thin cotton sheet". Angalia masharti lakini: malighafi, asili, kazi. Chai ya moto nayo ina -a, na "moto" hapo ni hali tu, kwa hiyo "hot, sweet tea" inabaki na mkato wake.

Njia ya pili ni ngazi ya vivumishi. Mzungumzaji wa Kiingereza hupanga vivumishi kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe hakufundishwa. Sisi ndio hufundishwa. Utaratibu ni huu, kuanzia mbali na nomino kwenda karibu nayo: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, kazi. Hakuna anayetumia vyote nane kwa pamoja, na akitumia basi msomaji amekwisha kuchoka. Viwili au vitatu ndiyo kawaida:

a large brown leather bag

Ukubwa, rangi, malighafi. Kila kivumishi kiko kwenye kidato chake na utaratibu umefuatwa, kwa hiyo hakuna mkato hata mmoja. Vikiwa viwili kwenye kidato kimoja, mkato unaingia kati yao. "Kind" na "patient" ni maoni yote mawili, na "cold" na "wet" zote ni hali ya hewa ya asubuhi hiyo.

Na ukivunja utaratibu kwa makusudi? Wanafanya hivyo, hasa kwenye matangazo na hadithi. "A beautiful big house" imefuata ngazi: maoni, kisha ukubwa, bila mkato. "A big, beautiful house" imeigeuza, na mkato ndio unaomwambia msomaji kwamba umevipanga sambamba kwa kutaka. Mkato hapo una kazi, lakini hauwezi kuokoa kila kitu. "A leather, brown, large bag" inabaki kuwa Kiingereza kibovu hata ukiipamba kwa mikato kumi.

Kuna eneo la kijivu, na ni afadhali lisemwe. "A long dusty road" na "a long, dusty road" zote utazikuta kwa waandishi makini. Ukishapima kwa njia zote na bado huna uhakika, acha bila mkato. Mkato uliokosekana kati ya vivumishi viwili wasomaji wengi hawauoni. Uliozidi huwakwaza.

Mahali pengine mkato hubadilisha habari yenyewe:

We moved to another cheap hotel.
We moved to another, cheap hotel.

Sentensi ya kwanza inasema hoteli tuliyotoka nayo ilikuwa rahisi. Tumehamia nyingine ya namna ileile. Ya pili inasema tumehamia hoteli nyingine, na hii ndiyo rahisi. Mteja anayelalamika kuhusu bili yake atataka kujua umeandika ipi.

Hatua ya tatu: pale ambapo mkato hauingii kabisa

Baada ya kivumishi cha mwisho, kabla ya nomino, hakuna mkato. "A cold, wet, morning" ni kosa. Huingia kwa sababu mwandishi ameshazoea mdundo wa kutia mikato, anashindwa kusimama. Nikipitia kazi za watu, hili ndilo ninalolifuta mara nyingi kuliko mengine yote kwenye upande wa vivumishi.

Namba na maneno kama "my", "this", "some" na "every" hayahesabiwi kwenye mchezo huu. "Three old fishermen", "my new phone", "every small shop": hakuna mkato.

Vivumishi viwili vilivyounganishwa kwa "and" au "but" havihitaji mkato: "a small but clean room". Unaweza kuandika "a small, but clean, room" ukitaka kulitenga neno "clean" kama nyongeza, ila hapo mikato ni miwili au hakuna. Mmoja peke yake unaning'inia.

Hatua ya nne: vivumishi baada ya nomino

Kivumishi kikija baada ya "is", "was", "looks" na jamaa zake, mambo ni mepesi. Viwili huunganishwa kwa "and". Vikiwa vitatu au zaidi, vinakuwa orodha:

The room is clean, quiet and cheap.
The room is clean, quiet, and cheap.

Mkato wa pili, ule kabla ya "and", huitwa mkato wa Oxford kwa kuwa matbaa ya chuo kikuu hicho imeushikilia miaka mingi. Cha ajabu ni kwamba Waingereza wengi, yakiwemo magazeti yao, hawautumii, wakati vitabu vingi vya Marekani vinautumia. Andikia Wamarekani, uweke. Andikia kwingine, chagua mwenyewe, ila ukichagua usigeuke katikati ya ukurasa.

Vivumishi vikibandikwa nyuma ya nomino kama maelezo ya nyongeza, vizungushie mikato pande zote mbili:

The captain, old and patient, waited for the tide.

Lakini kuna vivumishi ambavyo hukaa nyuma ya nomino na ndivyo vinavyotuambia ni yupi au ni kipi hasa: "the people responsible", "all the rooms available". Hivyo usivitenge. "The people, responsible, were arrested" inamfanya msomaji asimame kujiuliza.

Hatua ya tano: kielezi kiko ndani ya sentensi au nje?

Kwa upande wa vielezi, swali ni moja. Je, neno linaelezea tendo lilivyofanyika, lini, wapi, mara ngapi? Basi liko ndani ya sentensi, na kwa kawaida halitengwi. Je, linaeleza msemaji anavyoliona jambo, au linaifunga sentensi hii na iliyotangulia? Basi liko nje, na mkato ndio mpaka wake.

She answered honestly.
Honestly, she answered.

Katika ya kwanza, majibu yake yalikuwa ya kweli. Katika ya pili, mimi ninayesimulia ndiye ninayeapa: jamani kweli, alijibu. Yeye mwenyewe huenda alidanganya.

Kwa Kiswahili, vielezi vya nje ni vile ambavyo tungesema kwa bahati mbaya, kwa kweli, hata hivyo, kwa hiyo, zaidi ya hayo. Kwa Kiingereza: "unfortunately", "frankly", "however", "therefore", "moreover". Vikianza sentensi, mkato huvifuata. Vikiingia katikati, vinahitaji mikato miwili, na watu wengi husahau wa pili:

The bus, unfortunately, was full.

"The bus, unfortunately was full" haikubaliki. Ama mikato miwili, ama usiweke wowote. "The bus was unfortunately full" ni sentensi halali kabisa na imetulia zaidi.

Vielezi vya mara ngapi vinavyokaa kati ya mtendaji na kitenzi haviguswi: "She always arrives early", "They rarely complain". "Only", "just" na "even" navyo viache vilivyo.

Sasa "kindly". Afrika Mashariki tunalipenda neno hili kwenye barua pepe kuliko Waingereza wenyewe, na tunaliandika hivi: "Kindly, send me the invoice." Ondoa mkato huo. "Kindly" hapa kinaenda na "send"; ni namna ya kuomba. "Kindly send me the invoice." Ndivyo ilivyo na "please" mwanzoni mwa ombi: "Please call me tomorrow."

Maelezo ya wakati na mahali mwanzoni mwa sentensi yanategemea urefu. Neno moja au mawili, mkato ni hiari: "Yesterday we closed early" ni sawa, na "Yesterday, we closed early" pia. Kundi refu, kama "At about five in the morning on the second day, we saw land", linahitaji mkato ili msomaji ajue habari yenyewe imeanzia wapi. Kuna hali moja ambapo hata neno moja au mawili yanalazimisha mkato:

Inside, the house was cool.
Soon after, the rain started.

Ondoa mikato hiyo uone. "Inside the house" inajiunga kuwa kitu kimoja, na msomaji anafika mwisho wa sentensi hana mtendaji. Lazima arudi mwanzo.

Kinyume chake, kielezi cha mwanzoni kinapobadili mpangilio wa mtendaji na kitenzi, mkato ni mwiko. "Never have I seen such a crowd." "Here comes the bus." "Rarely do they open on Sundays." Ukiandika "Never, have I seen", umekata uzi uliofanya mpangilio ugeuke.

Vielezi viwili mfululizo vya kitenzi kimoja hufuata desturi ya vivumishi: "slowly and carefully" bila mkato, "slowly, carefully" kwa mkato.

Hatua ya sita: "however" na wenzake

Sentensi hii, au ndugu yake, imo kwenye barua nyingi mno:

I applied for the loan, however I was rejected.

Kosa lake ni kwamba "however" ni kielezi. Si kiunganishi kama "but", kwa hiyo hakina nguvu ya kushika sentensi mbili zilizokamilika, na mkato peke yake nao hauna nguvu hiyo. Matengenezo yako matatu, na yote ni sahihi:

I applied for the loan. However, I was rejected.
I applied for the loan; however, I was rejected.
I applied for the loan, but I was rejected.

La pili linatumia nukta-mkato, alama ambayo Aldus Manutius aliiingiza kwenye uchapaji huko Venice mwishoni mwa karne ya 15 na ambayo watu wameiogopa tangu hapo. Kama unaiogopa nawe, tumia la kwanza. Kwa barua ya kazi la tatu ndilo bora, maana ni fupi na halijidai. Dawa hiyohiyo inatibu "therefore", "moreover", "then" na "otherwise" zikikaa kati ya sentensi mbili.

"However" ina sura nyingine: "However tired you are, lock the gate." Hapa maana yake ni hata uwe umechoka vipi. Inaelezea "tired", kwa hiyo hakuna mkato katikati yao. Wala usichanganye na "although", ambacho ni kiunganishi na hakifuatwi na mkato. "Although, he was sick, he came" iandike "Although he was sick, he came".

Tujaribu kwenye aya nzima

Hii ni aya niliyoitunga kwa mfano wa matangazo ya nyumba za wageni, na nimeijaza makosa tuliyoyataja:

Our guesthouse is in a quiet narrow street, in Lamu Old Town. You enter through a beautiful, old, carved, wooden door. The rooms are small, but clean, however the rooftop is very, large. Fortunately the market is near. Inside the house is always cool. Kindly, book early.

Twende sentensi kwa sentensi. "Quiet" na "narrow" ni sifa mbili za hadhi sawa. Mitaa ya Lamu ni membamba kiasi kwamba mizigo hubebwa na punda, na utulivu wake ni jambo jingine. Weka mkato kati yao, kisha ondoa ule wa baada ya "street", kwa kuwa maneno yanayofuata ndiyo yanayosema mtaa uko wapi.

Mlango: maoni, umri, halafu namna ulivyotengenezwa na malighafi. Ngazi imefuatwa vizuri, kwa hiyo mikato yote mitatu inatoka. "A beautiful old carved wooden door" inaonekana ndefu na tupu kwa jicho letu, lakini ndivyo inavyoandikwa. Kama urefu unakusumbua, ondoa neno badala ya kuongeza mkato. "Wooden" inaweza kwenda, kwa sababu milango ya Lamu ya nakshi inajulikana ni ya mbao.

"Small but clean" inaunganishwa bila mkato. "However" imeshika sentensi mbili kinyume na uwezo wake, basi tunatia nukta na kukisogeza kielezi katikati ya sentensi ya pili, pamoja na mikato yake miwili. "Very" inarudi kwa "large". "Fortunately" ni maoni ya mwenye nyumba, inataka mkato. "Inside" nayo, ili isiimeze nyumba. Na "kindly" tunaifungua iende na kitenzi chake:

Our guesthouse is in a quiet, narrow street in Lamu Old Town. You enter through a beautiful old carved door. The rooms are small but clean. The rooftop, however, is very large. Fortunately, the market is near. Inside, the house is always cool. Kindly book early.

Kwenye andiko lako mwenyewe, la haraka ni kutumia kitufe cha kutafuta cha programu unayoandikia. Tafuta "however", kisha "therefore", uangalie kilicho kabla na baada ya kila moja. Halafu tafuta "ly," pamoja na mkato wake: kila itakapotokea, uliza kama kielezi hicho kweli kiko nje ya sentensi. Vivumishi havina njia ya mkato ya namna hiyo. Hivyo utavisoma kimoja kimoja.